Maswali Yenu ya Kiswahili: Utani Una Wenyewe

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Eastleigh, tunakouza vitambaa. Mwezi uliopita mwenzetu, Mchaga wa Moshi, alifiwa na baba yake. Jioni tulikutana kwake Umoja kwa matanga na kumchangia nauli. Tukiwa bado kwenye maombi, akaingia Mpare mmoja wanayejuana naye, muuza viatu wa Gikomba. Hakutoa pole. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye picha ya marehemu, akadondosha sarafu ya shilingi 20 mezani, akatega sikio, akasema, "Mzee haamki hata kwa pesa? Basi ni kweli tumempoteza." Tulitaka kumtoa nje. Lakini mfiwa, ambaye alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi, alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akalia, kisha akaomba chai. Akatuambia, "Mwacheni, huyo ni mtani wangu."

Wiki hiyo hiyo, kijana wetu wa stoo alimwigiza karani wetu mwenye kigugumizi mbele ya wateja. Karani alitoka nje na hakurudi hadi kesho yake. Tulipomkemea, kijana alisema, "Ulikuwa utani tu. Mbona yule wa matangani mlimwachia?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Utani ni nini hasa? Una tofauti gani na mzaha? — *Msomaji, Eastleigh*

JIBU: Ndugu yangu, mpe pole zangu mfiwa. Pia mpelekee karani salamu, maana yeye ndiye aliyenifanya nikaipa barua yako nafasi kubwa katika ukurasa huu.

Yule wa matangani alimtania mfiwa. Kijana wenu alimdhihaki karani. Kiswahili kiliyatenga mambo hayo mawili zamani, kila moja na jina lake, lakini hapa Nairobi tumezoea kuyafunika yote kwa utani, na linalofunikwa zaidi ni lile baya.

Kamusi zitakueleza kwamba utani ni maneno au vitendo vya kuchekesha baina ya watu waliozoeana. Wasomaji wengi husoma mpaka "kuchekesha" wakafunga kitabu. Uzito uko kwenye "waliozoeana". Utani ni uhusiano kwanza, ndipo uwe maneno. Ndiyo maana lugha inatupa nomino *mtani*. Mtani wako ni mtani wako hata akiwa amelala, hata akiwa amenuna, hata akimaliza mwaka mzima bila kukuchekesha, kama vile shemeji anavyobaki shemeji.

Nimelelewa Majengo, Pumwani, mtaa uliokuwa na wazee wa kila pembe: Wanyamwezi, Wamanyema, Wazaramo, Waswahili wa mwambao. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Jirani yetu mmoja, mzee wa Kizaramo, hakuwahi kupiga hodi kwetu. Aliingia mpaka jikoni, akafunua sufuria na kuuliza, "Watumwa wangu, leo mmenipikia nini?" Nyanya humjibu bila kugeuka, "Kaa chini ule. Nilikununua kwa shanga mbili na hasara yangu bado haijarudi." Mgeni asiyejua angedhani panapigwa ngumi muda si mrefu. Siku nyanya alipougua, mzee yule ndiye aliyekuwa akimtekea maji.

Utani wa makabila una historia, na mara nyingi historia yenyewe haichekeshi. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa misafara ya karne ya 19, wakibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani, na njia zao zilipita katika nchi ya Wazaramo. Watu wanaopishana kila msimu, huyu mgeni na yule mwenyeji, ama wachomane visu au watafute njia ya kuambiana makali bila damu. Kusini zaidi, Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika miaka ya 1870 na 1880. Wajukuu wa wapiganaji hao leo ni watani wakubwa, na Mhehe anaweza kumwambia Mngoni jambo ambalo akiambiwa na mtu mwingine yeyote patakuwa na kesi. Wachaga na Wapare nao ni majirani wa miaka mingi, wanaoana, wanauziana na kuchekana. Mpare huambiwa bahili. Mchaga huambiwa kwamba akizimia mdondoshee sarafu, asipofumbua macho ujue amekwenda. Kwa hiyo sarafu iliyowakasirisha pale Umoja haikubuniwa usiku ule. Ni utani wa zamani ambao mfiwa aliusikia utotoni, na pengine baba yake mwenyewe aliwahi kuujibu.

Kisha kuna kazi. Kwa jamii nyingi za Tanzania, mtani akifika msibani huchimba kaburi, hupika, huteka maji, huosha masufuria. Huvaa kofia ya marehemu akatembea kama yeye. Wengine hushuka kaburini wakagoma kutoka mpaka walipwe. Wafiwa hawana nguvu ya kufanya kazi wala ya kucheka, na mtani huwafanyia yote mawili. Kicheko chake amekilipia kwa jembe. Hebu mwulizeni mwenzenu ni nani aliyeosha vikombe usiku ule baada ya nyinyi kuondoka.

Msidhani haya ni ya Watanzania peke yao. Katika nyumba nyingi za Wakikuyu, mvulana aliyepewa jina la babu yake huitwa na nyanya "mume wangu", na akichelewa kutoka shule hugombezwa kwa wivu wa kuigiza. Babu na mjukuu wanataniana karibu kila mahali ninapopajua. Mashemeji vilevile. Ila mama mkwe, kwa jamii nyingi, hataniwi, na anayejaribu huonekana hakulelewa. Waluo na Waluhya wameoana kwa vizazi, na kwa sababu hiyo mechi ya Gor Mahia, klabu yenye mizizi kwa Waluo, na AFC Leopards, yenye mizizi kwa Waluhya, inaitwa debi ya Mashemeji. Magazeti huziita timu hizo watani wa jadi, kama vile wenzetu wa Dar es Salaam wanavyoziita Yanga na Simba, klabu zilizozaliwa mwaka mmoja baada ya nyingine, 1935 na 1936. Neno hilo nalipenda kuliko *mahasimu*. Hasimu yako ungefurahi apotee. Ingwe, yaani Leopards, wakipotea, shabiki wa K'Ogalo, yaani Gor Mahia, atamcheka nani Jumatatu asubuhi kwenye matatu ya Kariobangi?

Sasa turudi dukani kwenu. Ukitaka kujua kama jambo ni utani, achana na maneno kwanza, uwatazame watu. Je, aliyesemwa anaweza kurudisha kesho, mbele ya watu walewale, na aliyeanza akapokea? Lugha yenyewe inatuelekeza huko, maana kitenzi *kutania* hakikai sana kabla ya kuwa *kutaniana*. Karani wenu angerudisha nini? Silaha ya mchezo ni ulimi, na kijana alichagua kumpiga palepale kwenye ulimi, kwa jambo ambalo karani hakulichagua, wateja wakitazama. Wala hajawahi kumtekea mtu huyo maji.

Hiyo ni dhihaka. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na huko linatokana na kucheka tu, kicheko cha kawaida. Lilipofika kwetu likanoleka. Katika Kiswahili, kumdhihaki mtu ni kumcheka ili ashuke.

Umeuliza kuhusu mzaha. Mzaha hauhitaji uhusiano. Konda wa Rongai ambaye hujawahi kumwona anakuita, "Mama, ingia, gari ni lako, mimi nimeajiriwa tu," nawe ukacheka ukapanda. Ukishuka, yamekwisha. Kwa kuwa hauna wenyewe, mzaha huvuka mpaka kwa urahisi, na wahenga waliuonea shaka: mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Masihara yako karibu na mzaha, lakini sikio la Kiswahili huyasikia zaidi pale jambo linapotaka uzito likakosa. Fundi anayepunguza saruji kwenye zege la ghorofa ya sita anafanya masihara na maisha ya wapangaji, wala hakuna anayecheka.

Kejeli ina dharau, na mara nyingi hujificha ndani ya sifa. Mtu amechelewa mkutano, mnasimama na kumwambia, "Karibu mheshimiwa, tulikuwa tunakungoja wewe tu." Mmemkejeli. Kumchezea mtu shere ni kumfanya mjinga: mnamtuma mwanagenzi Kirinyaga Road akatafute spea ambayo haipo duniani, mkabaki gereji mnacheka. Stihizai ni nzito kuliko zote hizi. Hutaisikia sana Eastleigh, labda mawaidhani, na ni dhihaka iliyotiwa ufidhuli.

Jambo la mwisho kwenu. Kijana aombe radhi, na maneno atakayotumia yana maana kubwa kwangu. Asiseme, "Samahani kama ulikasirika, ulikuwa utani." Sentensi hiyo inamtwika karani kosa, kwamba kilichoharibika ni hasira yake. Aseme hivi: "Nilikudhihaki mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu." Wateja wa siku ile hamtawapata tena. Nyinyi mpo.

SWALI: Mwalimu, watoto wa ploti yetu hushinda ngazini wakichongoana. Mwanangu wa darasa la 6 ni hodari sana, na majirani wananiambia ninalea mtoto wa matusi. Mchongoano ni matusi? Niwakataze? — *Mama, Kayole*

JIBU: Mama, usiwakataze kabla hujakaa nao pale ngazini ukasikiliza.

Kuchongoa ni kukifanya kitu kiwe na ncha kali, kama mtu anavyochongoa mti wa kuchimbia. Kuchongoana, basi, ni kunoana kwa ulimi. Ni sanaa ya mji huu, na mimi naiita fasihi bila kusita. Wanafunzi wa sekondari husoma malumbano ya utani katika fasihi simulizi, wakaandika maelezo daftarini. Mwanao anayafanya bila daftari.

Lisikilize umbo lake. Kwanza sifa, kisha neno *hadi*, kisha chuku, yaani kutia chumvi kupita kiasi. "Wewe ni mwembamba hadi mvua ikinyesha unapita katikati ya matone." "Matatu ya babako ni ya polepole hadi abiria hushuka, akanunua mahindi choma, akala, akatupa gunzi, akaikuta palepale." "Nyumba yenu ni ndogo hadi jua likitaka kuingia, nyinyi lazima mtoke." Mtoto anayetunga sentensi kama hizo papo hapo, wenzake wakimtazama, ana kipaji ambacho nimewafundisha watu wazima miaka mingi bila kukipata.

Anayechongolewa hulindwa na chuku. Hakuna mtu duniani anayepita kati ya matone ya mvua, kwa hiyo kila mtu pale anajua kwamba kilichotungwa ni uongo, na wanayecheka naye ni mtungaji. Lakini chukua ile ya nyumba ndogo, umwambie mtoto ambaye kweli wanalala watu saba kwenye chumba kimoja cha mabati kule Soweto. Chuku imeyeyuka. Iliyobaki ni habari, tena habari ambayo mama yake huificha kwa bidii. Vivyo hivyo kwa mwili wenye ulemavu. *Hujafa hujaumbika*, watoto wanalisema hata wao, na wakilisema wameelewa.

Nimewasikia watoto wa Majengo wakijiwekea mipaka bila mtu mzima kuwaambia. Mzazi aliyefariki haguswi. Ugonjwa hauguswi. Ukizidiwa unatafuta kali zaidi, na ukikosa unakubali, wenzako wanapiga kelele, mchezo unaendelea. Anayeokota jiwe ameshindwa mara mbili. Mipaka hiyo ikiwepo pale ngazini kwenu, waache.

Kuna jambo moja tu la kufuatilia. Mwulize mwanao ni nani kati yao huchongolewa siku zote na hachongoi kamwe. Akikutajia jina haraka, bila kufikiri, hapo umepata kazi. Mwite mtoto huyo chai, mkae naye.

Kuhusu majirani: tusi linamlenga mtu au mzazi wake kwa maneno ya aibu, na halina usanii wowote. Kama mwanao anatumia hayo, mkanye kwa ukali wote. Lakini msimwite mtoto mtukanaji kwa sababu ameshinda.

SWALI: Mimi ni mhudumu wa bodaboda Kawangware. Abiria wengi wakisikia lafudhi yangu ya Kikamba huanza kuniiga, wakisema ni utani wa Wakenya. Hucheka nao, lakini rohoni huniuma. Ninakosea kuumia? — *Mwendeshaji*

JIBU: Hukosei hata kidogo.

Najua watakupa mfano wa Mzee Ojwang', na ni mfano mzuri, tuutazame. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Kwa miongo kadhaa kwenye runinga ya KBC aliigiza mzee mwenye lafudhi ya Kijaluo, na nchi nzima ilimpenda, Waluo wakiwemo. Aliwezaje? Kwa maoni yangu ni kwa sababu mzee yule alikuwa mtu kamili. Alikuwa na mke aliyemshinda maneno, alikuwa na hila, hasira na huruma. Ungemvua lafudhi, bado angebaki wa kuchekesha. Wanjau alimvaa mzee huyo kwa mapenzi na kwa kazi ya miaka.

Abiria wako amekaa nyuma yako dakika 10. Hakujui jina. Hajui kama una mke au una hila. Alichokiona kwako ni lafudhi tu, na ndiyo anayokurudishia. Ukimwiga yeye, je, atacheka, au atakuomba umteremshe?

Nchi hii ina sababu ya kuwa makini. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka 2008, inayokataza maneno ya vitisho au matusi yanayochochea chuki ya kikabila. Abiria wako hawajafika huko, na siwapeleki. Ila kuna mambo mengi yanayoumiza ambayo sheria haiyagusi, na hayo tunayamaliza wenyewe kwa lugha.

Kwa hiyo acha kucheka nao. Kicheko chako cha uongo wanakihesabu kuwa ruhusa. Mwambie kwa upole, ukiwa bado unaendesha: "Mkubwa, mimi na wewe bado hatujawa watani." Ni Kiswahili safi, hakina tusi, na kinamwachia mlango: anaweza kukuuliza unatoka wapi, Mwingi au Makueni, na jina lako nani. Akiuliza na ukamjibu, huenda baada ya safari chache akawa na haki ya kukutania, nawe ukawa nayo ya kumtania yeye.

SWALI: Mcheshi na mchekeshaji ni kitu kimoja? Na wingi wa utani ni upi? — *Mwanafunzi, Buruburu*

JIBU: Mcheshi ni tabia: mtu mchangamfu, mwepesi wa kucheka na wa kupendeza kukaa naye, hata kama hajawahi kusimulia kisa. Mchekeshaji ni yule anayewafanya wengine wacheke, na siku hizi kwa kawaida ni kazi yake. Wapo wachekeshaji ambao si wacheshi hata kidogo wakiwa nyumbani.

Utani hauna wingi. Tunasema *utani mwingi* au *utani wa aina nyingi*. Usiandike *tani*, maana hicho ni kipimo cha kilo 1,000. Wanaohesabika ni watu wenyewe: mtani mmoja, watani wawili.